Nafasi ya Kumi na Mbili

Siku Redio alipomkata mteja shingoni, hakuna aliyepiga kelele. Mteja mwenyewe alidhani ni kipele kimetumbuka. Damu kidogo tu, pamba na spiriti, yakaisha. Lakini Redio alijua kilichotokea, na kinyozi mwenzake wa kiti cha pili alijua pia, maana alimwona kwenye kioo: mtu mzima kashikilia mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, wembe uko juu mkono wa pili, midomo imemkauka, macho hayapo.

Moyo wake ulikuwa umeanza tena. Huu ulikuwa mwaka wa pili wa tabia hiyo. Ulitulia siku tatu nne, ukamhadaa, halafu bila sababu yoyote ukaanza kukimbia ovyo, mara uruke pigo, mara upige mawili kwa pamoja, pumzi ikate, kichwa kiwe chepesi. Mashine za hospitali zilishauona na kuupa ugonjwa huo jina refu ambalo Redio hakuwahi kulitamka mara mbili kwa namna moja. Yeye aliuita Mwenye Nyumba, kwa kuwa hubisha hodi wakati ambao hutaki kumwona.

Jina la Redio walimpa wateja, kwa sababu haizimwi. Ulikwenda kunyolewa kichwa, ukatoka na habari za mtaa mzima, nani kaoa, nani kaachwa, timu gani inadanganya watu na kocha wake. Ukimuuliza hali yake anakujibu ni nzuri kuliko yako, mnacheka, unalipa, unaondoka umefurahi. Watu walimpenda kwa hilo. Na hao hao waliompenda, baada ya siku ile ya wembe, walianza kukaa benchi. Aliwaambia kiti kiko wazi, wakasema hapana mzee, tutamsubiri mwenzako, hatuna haraka. Tangu lini wakawa hawana haraka! Redio alikung'uta shuka lake la kufunikia wateja, akalikunja, akalikung'uta tena. Iliuma, na aliwaelewa, na bado iliuma.

Ndipo hospitali kubwa ikatangaza kwamba kuna madaktari bingwa watakaopita. Wangekaa muda mfupi na kutibu bure. Kazi yao ilikuwa kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakachoma pale penye hitilafu, mtu akaamka na moyo wenye adabu. Wagonjwa waliofaa walikuwa wengi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Kabla ya kuchagua, kila mgonjwa angeitwa kuulizwa maswali kuhusu maisha yake ya kila siku, na majibu yangegeuzwa kuwa alama. Alama hizo zingetumiwaje, hakuna aliyeelezwa.

Redio aliitaka nafasi moja kati ya hizo. Hakutaka kingine duniani.

Mkwewe, mume wa bintiye wa pekee, alikuja Jumapili na mpango kamili. Ndugu walimwita Bwana Mipango, na hawakumsingizia. Alifanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, kitengo cha kuajiri, na kila wiki alisaili walinzi wapya. Alikuwa kijana mwema, mwenye heshima ya kuchosha. Akiingia tu, Redio alivaa shati, akafunga vifungo vyote, akakaa wima. Hapo ndipo redio ilipokuwa ikizimwa. Utani wote, maneno yote ya kibanda chake cha kunyolea, alikuwa hawezi kuyatoa mbele ya mkwe.

Bwana Mipango alieleza mambo kwa utaratibu. Madaktari wale, alisema, wana majina yao ya kulinda. Hawawezi kumpeleka mezani mtu hoi, akawafia mikononi, wakaharibikiwa. Kwa hiyo maswali yale ni usaili kama usaili mwingine. Wanamtafuta mwenye nguvu, atakayevumilia, atakayewaletea sifa.

"Mimi, Baba, mtu akianza kuniambia mgongo unamsumbua, namshukuru kwa kufika na namwita anayefuata," alisema. "Wewe ukiulizwa, unaweza. Kila kitu unaweza."

Mke wa Redio alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akauliza, na itakuwaje wakimuuliza kuhusu kuoga? Redio alikohoa, mkwe akatazama sakafu, binti akampokea mama yake sinia. Mama alijuta papo hapo, maana jambo la bafuni kwake lilikuwa la watu wawili tu: ndoo anaibeba yeye, Redio anakaa juu ya kigoda, anamwagiwa maji na kusuguliwa mgongo, na katikati ya kazi wanapumzika.

Siku ya maswali walikuta benchi la korido limejaa. Redio alikaa karibu na mwanamke mmoja wa makamo mwenye vidole vilivyochubuka. Alikuwa mfuaji. Alifua mashuka ya hosteli ya wanafunzi mpaka siku aliyoangukia ndani ya karo la kufulia, akatolewa maji yakimtoka puani, kesho yake akaambiwa apumzike tu nyumbani. Mkwe alikuwa ameegesha gari, bado hajaingia, kwa hiyo Redio alipata nafasi ya kufunguka kidogo. Alimwambia kwamba yeye moyo wake ameamua kuutoza kodi. Mfuaji alicheka huku kajishika kifua.

"Kaka, usinichekeshe. Mwenzio nikicheka pumzi inaniishia."

Mfuaji aliitwa kabla yake. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alisema wana maswali ya ajabu, hata aibu hawana, lakini amewaeleza yote, hakubakisha. Redio alimwonea huruma kweli. Moyoni alisema, maskini, dada wa watu amejiharibia.

Yeye aliingia na Bwana Mipango nyuma yake, kabeba bahasha ya vyeti vya hospitali. Muuguzi alikuwa na umri wa bintiye, mwenye macho ya mtu aliyeamka mapema mno. Alimwamkia kwa heshima, akauliza kama angependa mwenzake asubiri nje. Sasa mtu atajibu nini hapo? Kumtoa mkwe chumbani ni kumwambia kwamba kuna la kuficha. Redio alisema hapana, huyu ni mwanangu.

Maswali yalikuwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Muuguzi alisoma, akasubiri jibu, akabonyeza, swali likaondoka. Majibu ya kuchagua yalikuwa matano, kuanzia hapana kabisa mpaka kupita kiasi. Je, wiki nne zilizopita moyo umekusumbua? Kidogo. Umepata kizunguzungu? Kidogo sana, siku ya joto. Unapata shida kupanda ngazi? Hapana. Kazini? Hapana, kazini niko sawa, njoo siku moja nikunyoe, alisema, na muuguzi akatabasamu na kubonyeza. Kila jibu lilivyotoka, mkwe alitikisa kichwa taratibu kukubali pale pembeni, na Redio akapata nguvu ya kusema linalofuata. Si kwamba alijiona mwongo. Alijiona anapanda ngazi moja moja kuelekea kwenye ule waya.

"Kuoga na kuvaa unajiweza mwenyewe?"

"Najiweza."

Muuguzi alishusha sauti. Akasema, samahani baba, ni maswali tu, tunamuuliza kila mtu. Ugonjwa umeathiri kiasi gani tendo la ndoa? Bwana Mipango aligeuka ghafla kusoma bango la ukutani lililoeleza jinsi ya kunawa mikono. Alilisoma kama aliyepewa mtihani wake. Masikio ya Redio yalipata moto. Mwenye Nyumba alibisha hodi mara mbili, akanyamaza.

"Hakuna shida."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa, mwanangu. Andika."

Alipata tisini na moja katika mia. Korido nzima mkwe alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akisema tisini na moja, Baba, tisini na moja. Wakanunua soda. Nyumbani walimtangazia mama, naye akasema hongera, akaenda jikoni. Ilibidi Redio amwite baadaye aje kumvua viatu.

Wiki iliyofuata majina yalibandikwa ubaoni. Redio alikwenda peke yake, kwa miguu kutoka kituoni, akipumzika kwenye kila ukuta uliokuwa na kivuli. Alisoma majina kumi na mawili. Akayasoma kutoka chini kwenda juu, labda yatabadilika. Jina lake halikuwepo. Jina la chini kabisa lilikuwa la yule mfuaji, ambaye alisimama pale pale na kidole chake kilichochubuka juu ya herufi, kama anayeogopa upepo utalichukua.

Mfuaji alimgeukia kwa furaha, kisha akaona uso wake. Akamuuliza alipata ngapi. Redio alitamka alama zake, na hata hapo, jamani, hata hapo kulikuwa na majivuno kidogo kwenye sauti yake.

"Mungu wangu," mfuaji alisema. "Kaka, ule haukuwa mtihani. Mimi nimepata thelathini na nne."

Alimkalisha benchi akamweleza. Mashine zilishasema kwamba wote wanafaa kutibiwa. Kilichobaki ni kujua nani anateseka kuliko mwenzake, na huyo ndiye anayetangulia. Alama zikiwa nyingi, maana yake unaishi vizuri, unaweza kusubiri. Alikuwa amemuuliza muuguzi mwenyewe mwisho wa maswali, na muuguzi akamwambia. Redio alisikiliza akiwa amefumbua mdomo. Alijiona mjinga. Akilini alimwona mkwewe akitikisa kichwa pale pembeni, na alitamani kumtukana mtu, lakini mkwe hatukanwi, ndiyo shida ya wakwe.

"Usikae hapo," mfuaji alimwambia. "Orodha inafungwa Ijumaa. Nenda ukawaambie ukweli."

Redio alisema arudi nyumbani kwanza akatafakari. Mfuaji hakukubali. Alimshika kiwiko, wakaenda wote mpaka mlango wa muuguzi, wagonjwa wawili wa moyo wakisindikizana polepole, na ni yeye mfuaji aliyegonga. Muuguzi aliwasikiliza. Akasema mgonjwa anaruhusiwa kupimwa upya mara moja tu, lakini safari hii aje na mtu anayelala naye nyumba moja, athibitishe majibu.

Mkewe alipoelezwa, alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Alisema, kwa hiyo wewe na mimi tunaishi vizuri kwa tisini na moja. Redio alijaribu mzaha, kwamba huenda tisa zilizobaki ni za mama mkwe. Haukuchekesha. Mke aliweka ungo chini.

"Nitakuja Ijumaa," alisema. "Lakini ukianza redio yako mle ndani, nainuka naondoka. Nakuapia."

Bwana Mipango alikuja jioni ile ile, uso umemshuka, akataka hata kupiga magoti. Redio alimzuia. Alimwambia ni mambo ya kawaida, amsamehe nini, ilikuwa nia njema. Na baada ya kusema hivyo aliona haya, kwa kuwa hata hilo lilikuwa uongo: usiku na mchana alikuwa hana kinachomchoma kama kile kichwa kilichokuwa kikitikisika. Wakapatana kwamba Ijumaa mkwe atawapeleka kwa gari na atabaki ndani ya gari.

Ijumaa muuguzi alikuwa yule yule, na maswali yale yale. Mke alikaa na mkoba mapajani. Je, wiki nne zilizopita moyo umekusumbua?

"Kidogo," alisema Redio. Lilitoka lenyewe. Miaka yote ya kibandani ilikuwa imelisukuma.

Mkewe aliinuka, akatundika mkoba begani.

"Subiri," Redio alimwambia. "Kaa. Kupita kiasi. Moyo unanisumbua kupita kiasi."

Baada ya hapo hakuwa na haraka. Alisema kizunguzungu kinamjia na wembe mkononi, na amemkata mtu shingoni, na kilichomwokoa yule mtu ni bahati. Alisema wateja wanamkimbia na yeye hujifanya anasafisha mashine ili asionekane hana kazi. Ngazi hapandi. Kuoga, anaogeshwa. Alisema juzi alishindwa kuwahi choo, akafua suruali mwenyewe kwa kificho akiwa amekaa chini. Hilo mkewe hakulijua. Muuguzi alibonyeza na kubonyeza, hakutabasamu, hakumtazama, na Redio alimshukuru kwa kutomtazama.

"Usingizi?"

"Nalala kitini, sebuleni. Mwaka na zaidi sasa."

"Ukilala chali pumzi inabana?"

Redio alimtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa amemgeukia, maana kiti kile ndicho kilichomtesa kuliko ndoo zote. Alikuwa ameshamwambia dada yake kwamba mume wake amemchoka. Alishanunua gauni jipya la kulalia, akalivaa usiku mmoja, hakuna aliyeliona, akalirudisha kabatini na karatasi yake.

"Pumzi ni kidogo," Redio alisema. "Naogopa. Kila nikifumba macho nasema leo ndiyo leo. Sitaki aamke ashike mtu wa baridi. Bora anikute kitini, ameshavaa, kumekucha."

Mke hakulia, ingawa baadaye alilia vya kutosha. Alitazama zile herufi kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba anazifahamu tangu zamani, akamwambia muuguzi, "Andika kupita kiasi, mwanangu. Na lile swali la ndoa usimuulize, nitalijibu mimi." Akalijibu.

Ishirini na sita. Muuguzi aligeuza kompyuta wakaona wenyewe. Katika maisha yake yote Redio hakuwahi kufeli kiasi kile, na mkewe alimfinya mkono mpaka ukauma. Muuguzi alifungua orodha, akaandika, kisha akafuta kitu. Akasema jina limeingia. Leo leo atalazwa, kazi inaanza kesho, wasubiri koridoni wataitwa.

Redio alimuuliza ni nani aliyetoka. Muuguzi alijibu kwamba hilo haruhusiwi kulisema.

Walioitwa kulazwa walikuwa wameanza kukusanyika koridoni na mizigo yao. Mfuaji alikuwa mwanzoni mwa benchi. Amesuka nywele upya, amevaa viatu vya kutokea, na miguuni pake kuna begi lililofungwa kwa kamba, beseni limechomekwa juu. Alipomwona Redio alimwekea nafasi akae, akamwamkia mke wake kama wifi yake wa siku nyingi. Akasema dada yake amebaki na watoto, amewaambia akirudi atawafulia sare zao kwa mikono yake mwenyewe. Redio alikaa. Aliitikia ndiyo, ndiyo. Mkewe alianza kuelewa kwa kumtazama mumewe.

Mlango ulifunguliwa na muuguzi akatokea na karatasi, akasema wa kumi na mbili aje. Mfuaji aliinuka na begi lake.

"Siyo wewe, mama," muuguzi alisema kwa upole. "Kaa kwanza, nitakuja tuzungumze. Baba, twende."

Mfuaji alibaki amesimama. Alimtazama muuguzi, akaitazama karatasi, akamtazama Redio, na ilimchukua muda, kisha haikumchukua muda tena. Aliteremsha begi taratibu.

"Uliwaambia?" aliuliza.

"Niliwaambia."

"Yote?"

"Yote, dada."

Redio alitafuta neno. Mtu aliyezungumza tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka yote ile, hakupata hata moja. Lilikuwepo moja tu, kwamba achukue yeye, aende yeye. Lilimfika kooni kabisa. Akalimeza, kwa sababu alitaka kuishi, na alijua kwamba mfuaji amemwona akilimeza. Mkewe alikuwa ameshamshika mkono na kumvuta, hataki kusikia, hataki kuona, anataka mlango ule tu.

"Usinitazame hivyo, kaka," mfuaji alisema. "Si ni mimi niliyekuambia?"

Alilisogeza begi kwa mguu, wapate kupita.